Hiti zimeisha saa sita usiku, na bado hakujakucha

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, napiga muziki kwenye klabu moja hapa Tanga mjini, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa. Mwenyewe napenda hausi na amapiano zile za ndani, zisizopigwa redioni. Bosi hataki hata kuzisikia. Anataka 'nyimbo za watu': bongo fleva inayotamba, za Wanaijeria, mwishoni singeli. Nikasema kazi rahisi hiyo, kumbe sivyo. Ikifika saa sita hiti zote nimeshazimaliza, naanza kurudia na watu wananiangalia. Nikiweka wimbo mpya wanakwenda kukaa. Nikitoka bongo fleva kuingia singeli inagongana kama masufuria yameanguka. Watu wananijia na simu kunionyesha wimbo wanaoutaka, wengine wananiwekea elfu tano juu ya meza. Halafu hii ni wiki ya pili nikirudi nyumbani masikio yanalia hadi mchana. Je, ninunue mashine kubwa zaidi? Au hizi nyimbo za redio si fani yangu, niziache?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka. Sikukucheka wewe, hayo masufuria nimeyaangusha sana ujanani mwangu, tena mbele za watu waliolipa kiingilio. Umeuliza mambo matano ukidhani ni moja, na moja kati ya hayo matano si la muziki kabisa. Nianze na hilo, ingawa wewe umelitaja mwishoni kama mtu anayeaga mlangoni.

Masikio kulia hadi mchana si uchovu, na wala usiambiwe kwamba "utazoea". Ndani ya sikio kuna vijiseli vyenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, na ndivyo vinavyogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kubwa huvichosha. Ikizidi, huviua, na vikifa havioti tena. Anayesema amezoea, mara nyingi amevipoteza. Wataalamu wa afya kazini huhesabu hivi: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8, kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 una dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango kwa ajili ya kumbi za starehe: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Hiyo ni kwa mteja anayekuja na kuondoka. Wewe unasimama pale usiku wote, siku mbili mfululizo, na spika ya DJ imekuelekea kichwani.

Basi wiki hii, kabla ya Ijumaa, nenda hospitali ya Bombo ukaeleze kazi unayofanya, uombe kuonana na daktari wa masikio ili upimwe usikivu. Ikitokea sikio moja limeziba ghafla, au unasikia kizunguzungu, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo. Nunua vizibo vya masikio vya sponji, vile vya kuminya na kuingiza, maana pamba haizuii chochote cha maana. Na ile spika yako ya pembeni ishushe sauti na uiweke usawa wa kichwa, maana ikiwa chini magotini utaipandisha kila nusu saa bila kujijua.

Sasa tuje kwenye muziki.

Ulidhani nyimbo za redio ni rahisi kupiga kwa sababu zinajulikana. Hapo ndipo ulipoanza kupotea, na hukupotea peke yako. Wengi wa wanaopenda muziki wa ndani huwaona wapigaji wa hiti kama wauza soda: bidhaa imeshatangazwa, kazi yako ni kufungua chupa. Lakini fikiria. Ukipiga hausi ambayo watu hawaijui, ukakosea kuunganisha, nani atajua? Mmoja labda, na huyo mmoja ni DJ mwenzako aliyekuja kukuchunguza. Ukipiga wimbo ambao ukumbi mzima unaufahamu neno kwa neno, kila aliyemo ndani ni mkaguzi wako. Wanajua kiitikio kinaingia wapi, wanajua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Wimbo ule ni mali yao. Wewe umeazimwa tu.

Nakumbuka harusi moja huku Ngamiani, mimi nikiwa na umri kama wako. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulijulikana hata na watoto waliolala mabegani. Wiki ile nilikuwa nimejifunza mbinu mpya ya kukata, na mkono ulikuwa unawasha. Nikaukata nukta moja kabla ya kiitikio, nikaingiza mwingine mzuri tu. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, dera la kijani, mikono ameshaiinua, mdomo ameshaufungua aimbe. Ile mikono ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka polepole. Akanitazama kama mtu aliyeondolewa sahani ya pilau mbele yake. Hakunitukana. Alikwenda kukaa, na meza yake nzima ikamfuata. Hadi leo sikumbuki niliingiza wimbo gani, ila lile dera nalikumbuka.

Kilichotokea kwa yule mama kina maelezo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada, walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki wanaoupenda. Waliona dopamini, ile kemikali ya raha, inamwagika mara mbili na katika sehemu mbili tofauti: mara ya kwanza mtu anapongoja pale patamu, na mara ya pili pale patamu panapofika. Maana yake, kungoja kwenyewe ni nusu ya raha. Wimbo usiojulikana hauna kungoja. Msikilizaji hajui kinachokuja, kwa hiyo anasimama, anachunguza, na akiwa na kiti karibu anakaa. Ndiyo sababu wimbo wako mpya unawakimbiza. Hawakuuchukia. Hawajapata cha kungojea tu.

Na kuna jambo la pili linalokwenda sambamba na hilo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara kwa mara, hata bila kukijali, huanza kukipenda. Redio na simu ndizo zinazofanya kazi hiyo kwa hiti zako: bodaboda inaupiga wimbo, kinyozi anaupiga, jirani anafua huku anaupiga. Unapofika klabuni umeshapikwa. Lakini chakula kilichopikwa kina siku zake. Wimbo ule ule ukizidi, raha inageuka kero, na anayeona kero hiyo kwanza ni mteja wako wa kila wiki, yule ambaye bosi anamtegemea zaidi.

Sasa fanya hesabu ambayo naona hujawahi kuifanya. Kutoka saa tatu hadi saa tisa ni dakika 360. Wimbo ukiupiga dakika tatu na nusu, unahitaji nyimbo zaidi ya 100. Ukizikata kwa dakika mbili, kama vijana wengi mnavyofanya siku hizi, unahitaji 180. Na hiti za kweli, zile ambazo zikigusa tu watu wanapiga kelele, kwa wakati wowote ule ni ngapi? Mimi kwa uzoefu wangu sijawahi kuhesabu zaidi ya 40. Kwa hiyo uliposema zimeisha saa sita hukukosa bidii. Hazikuwa za kutosha tangu mwanzo. Kosa lako ni kwamba ulizifungua saa tatu na nusu, ukumbi una watu kumi na wawili, wanane wanasubiri mishikaki.

Usipige hiti kwa viti. Kuanzia saa tatu mpaka karibu saa tano watu wanaingia, wanasalimiana, wanakula, wanaangalia nani amekuja na nani. Hawataki kuchezeshwa, wanataka ukumbi unaovutia, na waweze kusemezana bila kupiga mayowe. Hapo ndipo pa zile amapiano zako za ndani na hausi laini, sauti ikiwa chini. Hakuna atakayekuja kulalamika kwamba haujui wimbo huo, kwa sababu hakuna anayesikiliza kwa sikio la kucheza. Ulikuwa unaomba nafasi ya kupiga unachokipenda, na nafasi hiyo ulikuwa nayo kila wiki, ukaijaza na hiti.

Kuanzia saa tano unaanza kutoa, lakini kwa mkono wa mchoyo. Katika nyimbo kumi, weka hiti za mwezi huu mbili au tatu. Zinazobaki nyingi ziwe nyimbo wanazozijua ila wamesahau kwamba wanazijua. Huo ndio mgodi, na vijana hamuuchimbi. Mtu wa miaka 35 alikuwa sekondari wakati fulani. Wimbo uliotamba mwaka ule ukiusogeza mbele yake anapiga yowe kubwa kuliko la hiti ya juzi, kwa sababu haukuwa kwenye matarajio yake ya usiku huo. Bongo fleva ya miaka ya 2000, zouk, dansi ya Kikongo, dancehall ya enzi za kaseti. Huu ni mji uliokuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kabla hatujazaliwa, usidhani watu wake wana kumbukumbu fupi. Mzee mmoja wa bandarini akisimama kucheza na mkewe, vijana watatoa simu kuwarekodi na wao wenyewe watabaki uwanjani. Na tazama meza za kinamama kuliko unavyotazama kompyuta yako. Wakisimama wao, uwanja umejaa. Wakikaa, una nyimbo mbili za kurekebisha mambo kabla wanaume hawajarudi kaunta.

Ukumbi wenyewe si ule ule kila wiki, na hilo hakuna mashine itakayokuambia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi si sawa na ya tarehe 18, watu wakiwa wamekauka mifukoni. Ikiwa kuna wageni waliotoka Mombasa kupitia Horohoro, watataka za kwao mbili tatu. Wanafunzi wakifunga chuo mwendo unapanda. Usiku wa Idi sitaki hata kuuzungumzia. Siku hiyo piga chochote.

Kuhusu wimbo mpya: mgeni haingii uwanjani peke yake, anashikwa mkono na mwenyeji. Tafuta wimbo unaojulikana wenye ngoma na mwendo unaofanana na huo mpya, upige, na uwanja ukiwa umejaa mwingize mgeni kwa dakika moja na nusu tu, halafu mtoe kwa wimbo mwingine unaojulikana. Usitangaze kwenye maiki kwamba ni mpya. Ukitangaza umewapa ruhusa ya kukaa. Wiki ijayo, saa ile ile, rudia. Wiki ya tatu utaona mtu anakuja kukuuliza unaitwaje. Wiki ya tano watakuambia ni wao waliokuletea.

Sasa masufuria. Hapa kuna mambo mawili tofauti, na nadhani umeyachanganya.

La kwanza ni sauti za waimbaji kugongana. Muziki wa hausi umetengenezwa ukimfikiria DJ: mwanzoni na mwishoni unaachiwa ngoma tupu, mapigo 32 au 64 au zaidi, ili uunganishe kwa raha. Desturi hiyo ina historia. Katika miaka ya 1970 kule Marekani mchanganyaji wa muziki Tom Moulton alikuwa akirefusha nyimbo za disko na kuziachia ngoma katikati, na katika kazi hiyo ikazaliwa santuri kubwa ya inchi 12. Wimbo wa redio haukutengenezwa kwa ajili yako. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye simu, ambaye asipovutwa haraka anauruka. Spotify, kwa mfano, haihesabu kuwa wimbo umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30. Kwa hiyo mwimbaji anaingia mapema sana, na unapojaribu kuuingiza juu ya mwingine wanakuwa watu wawili wanaohutubia kwa pamoja. Kujua kulinganisha mwendo hakutakusaidia hapo. Dawa yake inapikwa nyumbani, Jumatano, chai ikiwa pembeni: kila hiti itafutie sehemu yenye ngoma tupu, hata kama ni mapigo manne, uizungushe, uiwekee alama ili ukibonyeza iwe ndiyo utangulizi wako. Nyimbo 40 ni jioni mbili tatu za kazi. Ukisikia DJ anayepiga hiti na zinateleza kama sabuni, amezifanyia kazi hiyo. Hakuna uchawi.

La pili ni mwendo. Bongo fleva nyingi ziko kati ya mapigo 90 na 110 kwa dakika, za Wanaijeria karibu na hapo hapo, amapiano kwenye 112 hivi, hausi 120 na ushee. Singeli yenyewe iko 200 na kuendelea, nyingine zinakaribia 300. Ukiangalia kwenye kioo cha mashine unaona 100 na 210, unasema hizi haziivi chungu kimoja. Zinaiva. Ihesabu singeli kwa kuruka: kila mapigo yake mawili yahesabu moja. Singeli ya 210 inakuwa 105. Sasa kinachobaki ni kupandisha bongo fleva kutoka 100 hadi 105, na hilo usilifanye kwenye wimbo mmoja. Ligawe kwenye nyimbo tatu, mbili juu, mbili juu, moja. Mchezaji hatajua, atahisi tu jasho. Amapiano ya 112 inakupa singeli ya 224, na kwa maoni yangu hilo ndilo daraja zuri kuliko yote, kwa sababu amapiano ina nafasi nyingi tupu ndani yake na ngoma za singeli zinaingia zikikuta mlango wazi. Kumbuka tu kubonyeza kile kitufe kinachoshikilia sauti isibadilike unapobadili mwendo, maana ukipandisha asilimia 6 bila hicho, mwimbaji anapanda karibu nusu toni na dume zima linaanza kuimba kama lina haraka ya choo.

Kuna njia nyingine ambayo sisi wa Tanga tunaweza kuitumia kuliko watu wa mahali pengine. Singeli ilikulia mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, na katika damu yake kuna mchiriku na vipande vya kinanda cha taarabu vilivyokimbizwa mbio. Mji huu ulitoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Kinanda cha taarabu hapa hakihitaji utambulisho. Weka kipande cha taarabu ya kisasa, kile cha rusha roho, wanawake wakishainua mikono, kata kwenye neno la mwisho, nyamaza kwa pumzi moja, halafu fungulia singeli. Hakuna hesabu hapo, na haigongani, kwa sababu kuna ukimya katikati. Ukimya nao ni chombo, na hauhitaji umeme.

Hapo hapo nikujibu la mashine kubwa. Hapana. Tatizo lako hata moja halitatuliwi na mashine ya mamilioni. Yenye njia mbili inakutosha kwa miaka. Fedha hizo nunua hedifoni nzuri, vizibo vya masikio, na nyimbo zenyewe katika ubora mzuri. Nyingi za vijana nilizozikagua zimetolewa kwenye video za mtandaoni au kutumiwa WhatsApp. Kwenye simu hazina neno, lakini faili la kbps 128 (hicho ni kipimo cha wingi wa data kwa sekunde) kwa kawaida limekatwa zile sauti za juu kabisa, karibu na kHz 16, na ukilipeleka kwenye spika kubwa linasikika kama mtu anaimba ndani ya pipa. Ndipo DJ anapandisha tu, taa nyekundu zinawaka, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na spika ndogo za juu zinaungua. Nyekundu si sherehe. Tafuta kbps 320, na kila wimbo urekebishe sauti yake kabla haujaingia, kwa sababu za zamani zimerekodiwa chini kuliko za sasa. Na uwe na fleshi ya pili mfukoni yenye nyimbo zako zote. Kompyuta ina tabia ya kuzima siku ukumbi umejaa.

Tuje kwa watu wa simu na elfu tano zao. Usiwachukie. Mtu mmoja akikuomba wimbo, huyo ni shabiki. Watu watatu wa meza tofauti wakiomba wimbo ule ule, hiyo ni habari ya ukumbi, na hujailipia hata senti. Usiseme "hapana" wala usiseme "sawa, unafuata". Sema "nimekusikia, ndugu yangu", uandike, uuweke pale utakapofaa. Mlevi atasahau, mwenye nia atarudi.

Fedha ni jambo jingine. Kwetu kutuza ni heshima, ndiyo desturi ya taarabu, lakini angalia vizuri: anayetuza huja wimbo ukiwa umeshamgusa. Hanunui wimbo, anashukuru. Anayeweka elfu tano mezani kabla amekununua wewe, na nyuma yake yuko mwenye elfu kumi. Mimi niliwahi kupokea. Ukumbi ulikuwa umepanda, saa saba hivi, bwana mmoja akataka wimbo wa taratibu kwa ajili ya mwenzake aliyekasirika. Nikaupiga wote, dakika nne na kitu. Mwenzake hakusimama. Uwanja ukabaki na watu wawili na mhudumu akipita na sinia. Mwenye ukumbi alinikata nusu ya ujira wa usiku ule, na sikuwa na la kumjibu. Siku hizi nina kikopo, na anayekiona anajua: weka ukipenda, lakini hakina uhusiano na kinachofuata.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, nami sitalipamba. Je, uziache? Tanga sijaona wateja wa kutosha kujaza ukumbi kila wiki kwa hausi ya ndani peke yake. Wapo, nawajua, lakini wanatosha Jumapili moja kwa mwezi, alasiri, upepo wa Raskazone ukivuma, na hapo utalipwa soda na sifa. Dar es Salaam kuna kumbi zaidi na kuna DJ kama wewe kila kona. Harusi zinalipa kuliko klabu, ila kule utapiga wimbo wa keki mpaka uuote. Ukiniuliza mimi, kaa hapo ulipo mwaka mmoja zaidi, kwa sababu hujaijaribu bado kazi yenyewe. Ulichojaribu ni kumaliza hiti. Mtu akijua kuushika ukumbi kwa nyimbo za watu, siku akipata wasikilizaji wa muziki wake atawashika vizuri zaidi. Nimewaona wengi waliojua kinyume chake tu, nao hawakudumu. Lakini ikifika mwaka na bado unaingia kazini kama anayekwenda kung'olewa jino, ondoka bila kujilaumu. Mimi napenda dansi ya zamani, na nimeishi kwa kupiga vya watu wengine; si kila mtu anaiweza hali hiyo, na si aibu.

Kuna vitu siwezi kukufundisha kwa maandishi. Tafuta DJ mkubwa wa hapa mjini, yeyote mwenye nywele nyeupe kidogo, umwombe ukae nyuma yake usiku mmoja. Usiangalie mikono yake. Angalia anapoinua macho, na anaangalia wapi. Halafu Jumamosi rekodi usiku wako mzima kwa simu iliyowekwa kaunta, sio kutoka kwenye mashine, usikilize Jumanne ukiwa umelala. Utasikia kelele za watu zinapanda wapi na zinashuka wapi, na utajionea haya mara tatu nne. Hiyo ndiyo ada ya shule.

Na bosi wako uzungumze naye mchana, asiwe na wateja. Neno "hausi" usilitamke. Mwambie unataka kujaribu muziki wa watu kula, kuanzia saa tatu mpaka saa tano kasoro, sauti chini, kwa wiki nne. Kisha mwombe yule dada wa kaunta akuhesabie chupa na sahani zinazotoka saa hizo mbili, wiki hii kabla hujabadilisha kitu, na wiki nne zinazofuata. Bosi huyo hataki kuujua muziki wako, lakini daftari la kaunta analisoma kila asubuhi.